Damu Isafiri, Mgonjwa Abaki Karungu

Kwa miaka mingi sasa damu ya watu wa Karungu, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Migori, imekuwa ikisafiri kuliko wenyewe. Hutolewa katika zahanati na vituo vya afya vya Nyatike, ikatiwa kwenye boksi la baridi, ikapanda pikipiki hadi Migori, kisha ikaendelea na safari mpaka maabara kubwa za eneo la ziwa, zikiwemo zile za taasisi ya utafiti ya KEMRI huko Kisumu. Majibu hurudi, na mgonjwa ambaye hajawahi kufika Kisumu maishani mwake huambiwa kiasi cha virusi kilichomo mwilini. Mtandao huu ulizaliwa na msiba. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Kaunti ya Homa Bay karibu mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa akiishi na virusi vya Ukimwi, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizolemewa zaidi nchini.

Lakini damu hiyo huulizwa swali moja tu. Haiulizwi iwapo tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi au imelala. Haiulizwi kama tezi adrenali, zile mbili zilizokaa juu ya figo, bado zinatoa homoni ya kotisoli ya kumwezesha mtu kusimama asubuhi. Mgonjwa anayehitaji maswali hayo huambiwa aende mwenyewe: Migori, Kisii, Kisumu, pengine Nairobi, zaidi ya kilomita 350 kutoka ufuoni. Nauli ikikosekana, swali haliulizwi kabisa.

Wagonjwa wa tezi za homoni wapo Karungu kama walivyo kote duniani. Wengi hupita mbele ya wahudumu wa afya mara kadhaa, kitabu cha kliniki mkononi, bila ugonjwa wao kutajwa. Ni rahisi kulaumu ukosefu wa mashine. Mimi naona tatizo linaanza kabla ya mashine: dalili za magonjwa haya zinafanana mno na za yale tunayoyajua sana, yaani malaria, kifua kikuu na Ukimwi, na tumezoea kuishia hapo.

Waluo wana jina la mtu anayenyauka bila sababu kuonekana: amepatwa na chira. Ni maradhi yanayosemwa kumwingia aliyevunja mwiko, au ambaye jamaa yake aliuvunja. Mjane aliyekataa taratibu za kifo, mwana aliyejenga kabla ya kaka yake mkubwa. Ukimwi ulipotanda kwenye fuo hizi, wengi walizikwa na maneno hayo. Siandiki hivi kuwabeza wazee. Familia inayofika hospitalini ikinong'ona chira imekwisha kufanya nusu ya kazi ya daktari: imeona kwamba mtu wake amebadilika, inakumbuka mabadiliko yalianza msimu gani, na yalifuata tukio gani. Mhudumu anayekunja uso akisikia neno hilo anakataa historia aliyoletewa bure. Anayevuta kiti na kuuliza, "Mama, mlianza kuona lini? Alikuwa anakulaje wakati huo?" hupata mengi ambayo hakuna maabara inayoweza kumpa.

Maana kukonda nako kuna namna zake. Kuna anayekonda huku hamu ya chakula imekufa, anatapika asubuhi, akisimama anaona giza, na siku hizi anaramba chumvi kiganjani. Huyo adrenali zake zinatiliwa shaka. Kuna anayekonda huku anamaliza ugali wa watu wawili, moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa, na jasho linamtoka wakati wenzake wamejifunika shuka. Tezi dundumio, ile ya shingoni, huenda imekosa breki. Na kuna anayekonda huku anakunywa maji bila kushiba na kuamka usiku mara kadhaa kwenda haja ndogo. Huyo huenda kongosho lake halitoi insulini ya kutosha.

Huyu wa mwisho, akiwa mtoto, ndiye anayeniuma kuliko wote.

Karungu ni nchi ya malaria. Mtoto akiletwa usiku anatapika, tumbo linamuuma, amelegea, anapumua kwa kasi na kwa kina, kila mtu aliyepo anajua la kwanza la kumpima. Na kipimo cha haraka kinaweza kweli kuonyesha malaria, kwa kuwa watoto wengi wa ufuo huu hubeba vimelea bila kuugua. Basi anaanzishiwa dawa ya malaria na kutundikiwa dripu. Dripu hiyo ikiwa ya sukari, hali inazidi kuharibika. Damu yake ilikwisha kujaa sukari isiyoweza kuingia kwenye chembe za mwili, mwili ukaanza kuunguza mafuta na kumwaga asidi, na ile pumzi ya kina ni jitihada za mapafu kuitoa asidi hiyo. Bila insulini, mtoto wa namna hii hufa. Akifa, kwenye daftari ataandikwa malaria, na mwaka ukiisha tutasema kisukari cha watoto hakipo Karungu.

Mwongozo wa kuwatibu watoto mahututi unataka wapimwe sukari mara moja, kwa hofu kwamba imeshuka. Tone hilo hilo huonyesha pia iliyopanda. Kwa mtu mwenye dalili, sukari ya milimoli 11.1 kwa lita au zaidi, saa yoyote ya siku, yatosha kumaliza mjadala. Mkojo ukiwa na ketoni, alama ya asidi ile, hapana muda wa kusubiri rufaa bila kuanza matibabu. Wala kifaa si kigeni tena vijijini. Septemba 2023 serikali ilianza kuwagawia wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini mikoba yenye mizani, mashine ya presha na glukomita. Nyamrerwa, kama tunavyomwita mhamasishaji huyo kijijini, ambaye zamani alikuwa na daftari na miguu yake tu, sasa anaweza kupima sukari chini ya mwembe. Anachohitaji ni vijiti vya kupimia visivyokatika. Glukomita bila vijiti haina kazi, na bajeti ya kaunti inayonunua mashine bila kupanga vijiti vya mwaka mzima haijanunua kitu. Na pengo ni kubwa: utafiti wa kitaifa wa STEPwise wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu watu wazima 88 kati ya kila 100 nchini hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja.

Nyumbani nako kuna dalili za mapema, na akina nyanya huziona kabla ya daktari. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani ameanza tena. Sisimizi wanakusanyika pale alipokojoa. Mwalimu anaona mwanafunzi mmoja anayeomba ruhusa ya kutoka kila kipindi. Laiti mambo haya matatu yangefundishwa kwenye mikutano ya wazazi kama tunavyofundisha kuhusu vyandarua.

Watu huniuliza: hata akigunduliwa, insulini itakaa wapi katika nyumba isiyo na friji? Jibu limetoka hapa hapa Kenya. Madaktari Wasio na Mipaka, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, walipima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley huko Dadaab, kisha wakaipima insulini iliyopitishwa kwenye joto kama hilo, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba nguvu yake ilibaki vizuri kwa majuma manne. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini, kama ule tunaonywea maji, huipunguzia joto zaidi. Tangu Januari 1922, kijana Leonard Thompson alipochomwa sindano yake ya kwanza ya insulini mjini Toronto, kisukari cha watoto kilikoma kuwa hukumu ya kifo. Karungu ingali na deni hilo la miaka 100.

Kwa watu wazima kuna mitego miwili ya eneo letu. Mmoja ni kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu. Husoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo zikiwa na maisha mafupi, kama ilivyo kwa mwenye selimundu au aliyeishiwa damu kwa malaria, kipimo hutoa namba nzuri ya uongo. Ukanda wa ziwa una selimundu nyingi. Anayetegemea HbA1c peke yake hapa atawarudisha nyumbani wagonjwa. Mtego wa pili umo ndani ya kliniki za Ukimwi. Mwaka 2018 madaktari wa Kampala waliripoti wagonjwa ambao sukari ilipanda ghafla baada ya kuhamishiwa kwenye dolutegraviri, dawa ambayo kliniki zetu huiita DTG. Dawa hiyo ni nzuri na imeokoa wengi. Hakuna sababu ya mtu yeyote kuiacha. Ila anayeimeza kisha akaanza kiu na kukojoa sana, apimwe sukari siku hiyo hiyo.

Sasa shingo. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, madaktari wa kikoloni walizunguka fuo za ziwa hili wakipapasa shingo za watu. Malale ilikuwa imelipuka Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, David Bruce akaithibitisha huko Entebbe mwaka 1903 kuwa ni kazi ya kijidudu kinachobebwa na mbung'o, na mitoki iliyovimba nyuma ya shingo ikawa alama ya kumtafuta mgonjwa. Mwanajiolojia Felix Oswald, aliyekuja Karungu mwaka 1911 kuchimba mifupa ya wanyama wa kale, aliita kitabu chake kwa jina la ugonjwa huo. Vidole shingoni, bila mashine, viliwafikisha madaktari wale kwenye maelfu ya wagonjwa. Leo vidole vile vile havitumiki vya kutosha.

Kupapasa tezi dundumio ni kazi ya dakika mbili. Mgonjwa anakaa, muuguzi anasimama nyuma yake, anaweka vidole chini ya kikoromeo, kisha anampa kikombe cha maji ameze. Uvimbe unaopanda na kushuka wakati wa kumeza ni wa tezi hiyo. Kipimo cha zamani cha Shirika la Afya Duniani kilikuwa rahisi mno: upande mmoja wa tezi ukizidi ukubwa wa ncha ya kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe, tayari ni rovu. Kisha mwambie anyooshe mikono na umwekee karatasi juu ya vidole. Karatasi ikitetemeka, mshike mapigo. Mtazame macho, kama yametokeza na weupe unaonekana juu ya mboni. Gonga ukano wa kisigino: mguu ukiruka upesi na kurudi polepole, tezi huenda imelala. Hayo yote hayana gharama.

Wengi hudhani mtu wa ziwani hawezi kupungukiwa madini ya joto kwa kuwa anakula samaki. Samaki wa baharini ndio wenye madini hayo kwa wingi. Mbuta, ngege na omena ni wa maji baridi, na kiasi walichonacho ni kidogo. Kinachotukinga ni chumvi, ile inayovunwa Gongoni na Marereni huko pwani na kutiwa madini hayo, kama sheria ya Kenya inavyotaka tangu mwaka 1978. Ni moja ya kazi kubwa za afya ya umma zilizofanyika nchini, na haisifiwi. Ilifanya mavimbe makubwa ya shingo yapungue, ikawaokoa watoto na udumavu wa akili. Nayo ina upande wake wa pili: huko Kivu, mashariki mwa Kongo, chumvi yenye madini ilipoingia kwa watu waliokaa muda mrefu bila kuyapata, baadhi ya wazee wenye rovu la zamani walianza kuugua kwa tezi kwenda kasi. Madaktari waliandika kisa hicho kwenye jarida la Lancet mwaka 1996. Chumvi ile bado ni nzuri kwa jamii nzima. Bali mzee mwenye rovu la miaka mingi akianza kukonda na moyo kumwenda mbio, asiambiwe ni uzee.

Kisa ambacho ningependa kila kliniki ya Ukimwi ya Migori na Homa Bay ikibandike ukutani ni hiki. Mgonjwa ameanza dawa, kinga imepanda, virusi havionekani tena kwenye damu. Mwaka mmoja, miwili au mitatu baadaye anaanza kukonda upya. Jambo la kwanza tunalomwuliza, na mara nyingi kwa ukali, ni kama anameza dawa. Anaapa kwamba anameza. Hatumwamini. Lakini mfumo wa kinga unapojijenga upya baada ya kubomoka, mara nyingine hukosea na kuishambulia tezi dundumio, ikafanya kazi kupita kiasi. Ni ugonjwa wa Graves, na kutokea kwake baada ya matibabu ya ARV kunajulikana. Mtu huyu ametii kila alichoambiwa, kisha anatuhumiwa uongo kwa sababu ya kukonda. Kama virusi havionekani na kilo zinashuka, aliyekosea ni anayeuliza, na kipimo cha TSH kingetoa jibu.

TSH ndicho kipimo cha kuanzia. Pituitari, tezi ya takriban nusu gramu iliyo chini ya ubongo, huitoa homoni hiyo kuiamrisha dundumio. Dundumio ikizembea, amri huongezeka. Ikizidisha, amri hukoma. Kwa hiyo TSH iliyo juu ni ishara ya tezi iliyolala, na iliyo chini kabisa ni ishara ya tezi inayokimbia. Nimeona watu wakilipia picha ya shingo kabla hata ya TSH, na hapo ndipo pesa ya mauzo ya samaki ya miezi miwili inapotea. Picha huonyesha umbo. Haionyeshi kazi. Tena huibua vinundu vidogo ambavyo watu wengi wazima wanavyo na visivyo na madhara, na familia inaanza kuogopa saratani isiyokuwepo. Homoni zipimwe kwanza, picha ifuate kama ina sababu.

Nimetaja adrenali. Thomas Addison, daktari wa hospitali ya Guy's mjini London, aliueleza ugonjwa wake mwaka 1855, na wengi wa wagonjwa aliowaandika walikuwa na kifua kikuu kilichozila tezi hizo. Uingereza sasa huo mara nyingi ni ugonjwa wa kinga kujishambulia. Kwetu, ambako kifua kikuu hakijaondoka, maelezo yake ya mwanzo bado ni ya leo. Dalili yake mashuhuri ni ngozi kuwa nyeusi zaidi, na ndiyo inayowashinda wengi. Vitabu vilivyoandikwa kwa ngozi nyeupe havimsaidii afisa wa kliniki wa Karungu. Tafuta kwenye mistari ya viganja, ndani ya mashavu, kwenye makovu mapya na kwenye kucha. Fizi nyeusi peke yake si kitu. Wengi wetu tumezaliwa nazo. Kinachohesabiwa ni badiliko, na kwa hilo Mkenya hutembea na ushahidi mfukoni: picha ya kitambulisho. Iweke karibu na uso ulio mbele yako. Mwulize mkewe au dada yake kama alikuwa hivi. Picha hiyo hiyo itakuonyesha pia taya lililokua na pua iliyopanuka kwa mwenye uvimbe wa pituitari unaomwaga homoni ya ukuaji, ambaye badiliko lake huja polepole kiasi kwamba watu wa nyumbani ndio wa mwisho kuliona.

Kotisoli nayo haina maana bila saa. Kwa kawaida hupanda alfajiri na kushuka usiku, ndiyo maana damu hutolewa yapata saa mbili asubuhi. Lakini mvuvi wa omena hutoka jioni na taa zake, hukesha ziwani usiku usio na mbalamwezi, na saa mbili asubuhi ndiyo saa yake ya kulala. Saa ya mwili wake inaweza kuwa imehama. Anayempima bila kumwuliza kazi yake anaweza kusoma jibu vibaya. Mpime baada ya kulala usiku kadhaa nyumbani, wakati wa mbalamwezi, ambapo wengi hawaendi ziwani. Sijui kitabu kinachosema hivyo. Ni akili ya kawaida ya mtu anayelijua ziwa.

Na aliye katika hatari asisubiri maabara. Mgonjwa wa kifua kikuu anayeanzishiwa rifampisini, kisha baada ya siku kadhaa akalegea na presha ikaanguka, huenda adrenali zake zilikuwa zimebaki na nguvu kidogo, na dawa hiyo, ambayo huharakisha kuvunjwa kwa kotisoli mwilini, ikammalizia. Toa damu uihifadhi, mpe haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, na dripu ya maji ya chumvi papo hapo. Jibu likija kesho, litamkuta hai.

Kuna njia nyingine ya kuziua adrenali, nayo tunajitengenezea wenyewe. Prednisoloni na deksamethasoni, dawa za steroidi zinazofanya kazi kama kotisoli, huuzwa bila cheti katika maduka mengi ya dawa ya Afrika Mashariki: kwa pumu, kwa maumivu ya magoti, kwa kunenepesha mashavu kabla ya harusi. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina steroidi kali ndani yake. Mtumiaji ananawiri usoni, tumbo linakua, mikono na miguu inakuwa myembamba, michirizi ya zambarau inajitokeza tumboni, sukari na presha zinapanda. Tezi zake, zikiona homoni imejaa, zinaacha kazi. Siku anapoishiwa pesa ya dawa, au anaposikia redioni kwamba krimu ile ni mbaya na kuitupa, mwili unabaki bila kotisoli yoyote. Anaweza kufa kwa kutii ushauri mwema. Kwa hiyo swali lisiwe tu "unatumia dawa gani?" maana atajibu hakuna. Uliza kuhusu krimu, kuhusu sindano ya goti, kuhusu dawa ya mitishamba iliyofanya kazi haraka mno. Na kwa wanaotumia ritonaviri katika dawa zao za Ukimwi, hata sindano moja ya steroidi kwenye kiungo, au ile ya kuvuta kwa pumu, inaweza kukaa mwilini muda mrefu na kuleta madhara yale yale.

Mfikirie pia mwanamke mmoja wa mfano, ambaye mkunga yeyote wa ziwani atamtambua. Alijifungua, akavuja damu nyingi, akapona. Maziwa hayakutoka. Hedhi haikurudi, na watu wakasema ni mimba nyingine au ni uchawi wa mke mwenza. Miaka ikapita, anahisi baridi hata mchana, nywele za kwapa zimekwisha, amechoka, mume ameoa tena. Harold Sheehan aliueleza ugonjwa huu mwaka 1937: damu inapopotea kwa wingi wakati wa uzazi, pituitari, ambayo imekua wakati wa ujauzito, hukosa damu na kufa. Maswali mawili humtambulisha: ulivuja damu nyingi? maziwa yalitoka? Hapa TSH peke yake hudanganya, kwa kuwa pituitari iliyokufa haiwezi kutoa amri. Kiwango chake kinaweza kuonekana cha kawaida huku thairoksini, homoni ya dundumio yenyewe, iko chini. Zipimwe zote mbili, pamoja na kotisoli. Na asipewe thairoksini kabla ya kotisoli, kwa maana mwili utaamshwa bila nguvu ya kuuhimili mwamko huo.

Wanaoweza kuyafanya haya si wachache kama ilivyokuwa. Mwaka 2008 Chama cha Ulaya cha madaktari wa homoni za watoto kilisaidia kuanzisha kituo cha mafunzo Nairobi, na madaktari wa watoto kutoka nchi nyingi za Afrika wamepitia humo kisha kurudi kwao. Ujuzi huo unaweza kufika ufuoni kwa simu. Afisa wa kliniki aliyepapasa shingo, akapima sukari, presha ya kulala na ya kusimama, na kupiga picha kitambulisho, anaweza kumweleza bingwa kisa kizima bila mgonjwa kupanda gari.

Hapo ndipo narudi kwa pikipiki na boksi lake. Sehemu kubwa ya mtandao wa Ukimwi ilisimama juu ya fedha za Marekani, na Januari 2025 fedha hizo ziliposimamishwa ghafla, kliniki za eneo letu zilitikisika. Wanaoupigania mtandao huo sasa, kaunti kwa kaunti, wana hoja moja ambayo hawajaitumia vya kutosha: njia hiyo inaweza kubeba zaidi ya virusi. Hospitali ya misheni ya St. Camillus iliyopo Karungu, zahanati za serikali, kliniki za Muhuru na za Ndhiwa, zote zinatoa damu ambayo tayari inasafiri. Kuongeza chupa moja ya TSH kwa mgonjwa mwenye sababu ni gharama ya kitendanishi, si ya barabara.

Na pa kuanzia ni kwa watoto wachanga. Duniani, mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 huzaliwa na dundumio isiyofanya kazi. Anaonekana mzima, analala sana, halii sana, na majirani wanasema ana tabia nzuri. Asipopewa thairoksini katika majuma ya kwanza, akili yake inaharibika bila kurudi. Jean Dussault wa Quebec alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi latosha kumgundua, na nchi nyingi zimempima kila mtoto tangu hapo. Kwetu upimaji huo haujawa desturi. Lakini karatasi hiyo tunaijua: ndiyo ile ile inayotumiwa kumpima mtoto wa mama mwenye virusi, anapochomwa kisiginoni akiwa na wiki sita. Wiki sita ni kuchelewa. Siku ya tatu hadi ya tano ndiyo bora, na kwa akina mama wanaojifungulia hospitalini inawezekana kabla hawajaruhusiwa au wanaporudi kwa ukaguzi wa kwanza. Hata hivyo mtoto anayeanza dawa akiwa na miezi miwili ana mengi ya kuokoa kuliko anayegunduliwa akiwa na miaka mitatu, asiyetembea wala kusema. Idara ya afya ya Migori inaweza kujaribu kwa mwaka mmoja na watoto ambao kadi zao tayari zinakwenda maabara. Kadi hizo huwa na miduara mitano ya damu, na kipimo cha virusi hakiimalizi yote.